Saa Haipimi Sukari, Hata Iwake Kijani

Malipo ya korosho yakianza kuingia, kliniki yetu ya sukari hapa Mtwara hujaa saa mpya. Juzi mzee mmoja kutoka Newala aligoma kunipa kidole. "Nesi, mwanangu kaninunulia hii. Inasema 5.6." Nikambembeleza, nikamchoma: 17.3 (millimoli kwa lita), juu mno.

"Hii inatumia mwanga, kuchomana ni mambo ya zamani." Kauli hiyo nimeichoka. Hoja ya wenye saa hizi ni kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni: mbona hakichomi? Hakichomi kwa sababu damu yenye oksijeni na isiyo nayo hutofautiana rangi, na mwanga huiona tofauti hiyo. Sukari ya damuni haina rangi. Tena ni kidogo mno: mwenye 5.5 ana takriban gramu moja kwa lita, kama robo ya kijiko cha chai. Mwanga wa infraredi huweza kuigusa, lakini maji, mafuta na protini za mwilini huumeza mwanga huohuo kwa wingi zaidi. Ongeza jasho la Desemba na mkanda uliolegea. Watafiti wamehangaika na tatizo hili kwa miongo kadhaa, na Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayojipimia sukari bila kutoboa ngozi.

Nikaiazima saa ya mzee, nikaifunga kwenye kipande cha muhogo nilichobeba kwa chakula cha mchana. Ikawaka, ikazungukazunguka, ikatoa 5.4. Muhogo hauna kisukari, tumshukuru Mungu.

Mzee alicheka, tukarekebisha dawa. Anayenikosesha usingizi ni mgonjwa wa insulini, dawa ya kushusha sukari: saa imwambie 14, ajichome dozi, kumbe yuko 3.2, tayari chini mno.

Kauli nyingine: "Kile kipimo cha sukari cha kubandika mkononi nacho ni mwanga tu." Hapana. Kina uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi, nacho husoma majimaji yaliyo kati ya seli, ndiyo maana huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Ni kipimo halali. Usikiweke kundi moja na saa za mnadani.

"Sijaona sisimizi kwenye mkojo, niko salama." Sukari huanza kumwagika kwenye mkojo damu ikipita takriban 10. Ukiwangoja sisimizi umechelewa.

"Mabibo yana ukakasi, kwa hiyo hayana sukari." Jamani.

"Hata mashine ya kuchoma inadanganya." Hudanganya ukimenya embe kisha ukapima. Nawa kwa sabuni, kauka, choma ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha. Ubavuni hapaumi sana. Najua stripu, vile vijikaratasi vya mashine vya kuwekea damu, zinauma mfukoni kuliko kidoleni, lakini hela ya saa ingenunua kopo. Nalo kopo ulifunge palepale unapotoa moja, maana unyevu wa pwani hii huziharibu.