Mita 7 hazina kupatana bei

Andiko jingine la mradi, kosa lile lile: kisima ambacho maji yake yako mita 18 chini, pampu ya kukanyaga juu ya ardhi ya kumwagilia eka nzima ya mboga, na maelezo kwamba "pampu ina uwezo wa mita 30, hivyo inatosha". Haitoshi. Haitatosha hata ukiajiri bondia aikanyage. Ukiibadilisha kwa pampu ya sola inayokaa juu, utashindwa vilevile, ila kwa bei kubwa zaidi.

Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji. Inatoa hewa ndani ya bomba, kisha kanieneo (mgandamizo) ya hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari, kanieneo hiyo inabeba maji mita 10.3, basi. Ukishaitoa hewa yote, nguvu ya ziada haina pa kwenda. Ondoa msuguano wa bomba na vali zinazovuja kidogo, unabaki na mita 7 hivi.

Na hizo ni za Bagamoyo. Kila unapopanda mita 1,000, ile 10.3 inapungua kwa zaidi kidogo ya mita 1. Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, kikomo cha kinadharia ni mita 8, na cha kufanyia kazi ni 5 na nusu. Hesabu yangu ya kuchukua theluthi mbili ya kikomo cha kinadharia ni makadirio ya fundi, si kanuni ya fizikia: washa (viziba) mpya za pistoni zikilowa vizuri hupita hapo, zilizoliwa na mchanga hata mita 4 huzishinda. Vitabu huandika 7 na kufunga mjadala.

Mita 30 za kwenye kibandiko ni za kusukuma maji juu, na kwa kawaida hupimwa pale ambapo hakuna hata tone linalotoka. Kusukuma ni suala la nguvu, kwa hiyo hapo bondia ana faida.

Pampu hii ya kukanyaga ilienea Bangladesh kuanzia miaka ya 1980, kutokana na ubunifu wa mhandisi Gunnar Barnes, kwenye nchi tambarare ambako maji ya ardhini yako karibu. Jiografia ilifanya nusu ya kazi. Martin Fisher na Nick Moon, walioanzisha shirika la ApproTEC nchini Kenya mwaka 1991 (baadaye KickStart), walihitaji pia pampu ya kusukuma maji kupanda mteremko. Waliwauzia wakulima badala ya kuwagawia bure. Wengi huiga sehemu hiyo ya kuuza na kusahau kupima kisima.

Kupima ni kamba na jiwe. Pima kutoka pampu itakapokaa hadi uso wa maji, si hadi sakafu ya kisima. Pima mwishoni mwa kiangazi, baada ya kuchota mfululizo saa nzima, kwa sababu maji hushuka ukichota. Kisima kinachosoma mita 5 asubuhi kikiwa kimetulia kinaweza kusoma 8 saa sita mchana.

Halafu eka. Mtu mzima anaweza kutoa wati 75 kwa muda mrefu bila kuzimia; tuseme nusu inaishia kwenye msuguano. Kwa jumla ya mita 7, kuvuta na kusukuma pamoja, hiyo ni karibu lita 2,000 kwa saa. Kwa mita 14, lita 1,000. Robo eka ya mboga ikitaka milimita 5 kwa siku ni lita 5,000, yaani saa tano za kukanyaga kwenye mita 14. Sasa niambie nani atakanyaga hiyo eka nzima uliyoandika. Mara nyingi ni mama mwenye shamba, na saa zake mmeziandikia sifuri. Kadiri paneli za sola zinavyoshuka bei ndivyo ninavyozidi kutilia shaka kama saa hizo bado zina utetezi.

Kama uko ndani ya kikomo na maji hayaji, mara nyingi kuna hewa inaingia. Kanyagio likiwa jepesi na maji yakitoka na mapovu, kagua viungio vya upande wa kuvuta. Hutaona tone likivuja nje, kwa sababu hewa ndiyo inayoingia. Paka povu la sabuni uone linamezwa wapi. Mpira wa bustani hujibana, tumia bomba gumu. Lisiwe na kigongo, hewa hukwama hapo.

Maji yakiwa chini zaidi, tumia pampu ya kamba, ambayo visahani vilivyofungwa kwenye kamba yake huzama na kuyabeba maji yenyewe, au pampu ya kuzamisha. Unaweza pia kuiteremsha ya kukanyaga kwenye jukwaa ndani ya kisima kipana na imara, ikae karibu na maji. Ya petroli usiiteremshe kabisa: moshi wake hujaa kisimani na kumuua anayeshuka kuizima.