Je, wajua kwa nini rais wa Afrika Kusini alilipishwa banda la kuku?

Septemba 2016 Jacob Zuma, rais wa Afrika Kusini na amiri jeshi mkuu wa nchi hiyo, alilipa serikali randi milioni 7.8. Pesa zenyewe alikopa benki. Alikuwa analipia sehemu ya gharama za vitu vitano vilivyojengwa kwa fedha za umma kwenye boma lake la Nkandla, KwaZulu-Natal: bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe, banda la kuku, ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na jengo la kupokelea wageni.

Aliyemlipisha ni mahakama. Sasa mahakama haina jeshi, haikusanyi kodi, na majaji wake hawakupigiwa kura na mtu. Wabunge walio wengi walikuwa wa chama chake na polisi walikuwa chini ya waziri wake. Wako marais waliokaidi amri ndogo kuliko hiyo na mbingu haikuanguka. Mbona yeye alilipa?

Tuanze na kisa chenyewe. Zuma alipoingia madarakani 2009, serikali ilianza kuimarisha ulinzi wa nyumba yake ya kijijini, jambo ambalo rais yeyote hufanyiwa. Ila kazi ilipanuka na bili ikapanda nayo. Malalamiko yakapelekwa kwa Mlinzi wa Umma, ofisi iliyoundwa na katiba ambako mtu yeyote anaweza kuishtaki serikali bila kulipa senti. Aliyeishika ofisi hiyo wakati huo ni wakili Thuli Madonsela. Machi 2014 akatoa ripoti: mradi ulikisiwa kufika randi milioni 246, na baadhi ya vilivyojengwa havikuhusiana na ulinzi hata kidogo. Hakusema rais alipe zote. Alisema alipe kiasi kinachostahili kwa vile vitu visivyo vya ulinzi, Hazina ya Taifa imsaidie kukokotoa. Basi. Kwangu mimi hilo ndilo la kushangaza kuliko yote katika sakata hili, kwamba deni lilikuwa dogo namna hiyo na mdaiwa akachagua kupigana miaka miwili.

Badala ya malipo yakaja maelezo. Mei 2015 waziri wa polisi, Nathi Nhleko, aliwaita waandishi wa habari. Bwawa, akasema, ni la zimamoto. Akaonyesha video ya wazima moto wakivuta maji ya bwawa kwa mipira na kuyarusha hewani, muziki ukisindikiza, na yeye mwenyewe akijifuta jasho usoni. Ukumbi wa wazi nao ukawa ukuta wa kuzuia udongo usiporomoke. Zizi na banda la kuku vikaingia kwenye orodha ya vifaa vya ulinzi. Hitimisho: rais hadaiwi kitu. Bunge likaipokea ripoti ya waziri na kumfutia rais deni. Kesi ya nyani ilikuwa imepelekwa kwa ngedere, na hukumu ikawa ile ile tunayoijua. Nje ya hesabu hiyo ya kura, wabunge wa chama cha upinzani cha EFF walikuwa tangu Agosti 2014 wakimpigia rais kelele humo humo bungeni arudishe pesa, na hatimaye wao na chama kingine cha upinzani, DA, wakaenda Mahakama ya Katiba.

Mzozo mzima ulining'inia kwenye maneno machache ya kifungu cha 182 cha Katiba ya 1996, yanayompa Mlinzi wa Umma uwezo wa kuchukua hatua zinazofaa ili kurekebisha kosa. Hatua hizo ni ushauri, au ni amri? Serikali ilizichukulia kama ushauri. Tarehe 31 Machi 2016 Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng alisoma hukumu mbele ya kamera za televisheni, majaji wote wakiwa kauli moja: ni lazima zitekelezwe. Hoja yake haihitaji digrii ya sheria. Kama mwenye madaraka anaweza kuisoma ripoti, asiipende, akaiweka kabatini, mwananchi aliyelalamika amepata nini? Akaifananisha kazi ya ofisi ile na Daudi anayemkabili Goliathi. Kumbuka kwamba rais hakunyimwa haki ya kubisha. Angeweza kwenda mahakamani kuomba ripoti itenguliwe. Alichokatazwa ni kujifanya hajaiona.

Hukumu hiyo ilisema rais alishindwa kuitii, kuitetea na kuiheshimu katiba, na kwamba Bunge nalo lilivunja wajibu wake wa kumsimamia. Hapa ndipo zile tunu zilizoandikwa kwenye kifungu cha kwanza cha katiba hiyo zilipofanya kazi: utu, usawa, kutobaguana kwa rangi wala jinsia, utawala wa sheria, uwajibikaji, uwazi. Katika nchi nyingi maneno ya namna hiyo hukaa mwanzoni mwa katiba kama maua mezani, yakasomwa siku za sherehe. Mogoeng aliuita uwajibikaji, pamoja na utawala wa sheria, upanga ulio tayari kukifyeka kichwa cha tabia ya kukosa na kutoadhibiwa. Ni lugha kali kwa jaji, lakini ndivyo alivyoandika.

Na sasa fikiria hili. Madonsela aliteuliwa na Zuma, 2009. Mogoeng naye aliteuliwa na Zuma, 2011, huku wakosoaji wakimshuku kuwa ataegemea upande wa aliyempa cheo. Hawa wawili ndio waliomfikisha rais kwenye banda la kuku.

Uadilifu wao una sehemu yake, ila walioandika katiba hawakuuachia kazi yote. Mlinzi wa Umma hukaa miaka 7 na harudi tena. Rais hamchagui peke yake: kamati ya Bunge yenye wabunge wa vyama mbalimbali hupendekeza jina, asilimia 60 ya wabunge wote sharti waliunge mkono, ndipo rais ateue. Kumwondoa kunahitaji theluthi mbili. Jaji wa Mahakama ya Katiba hukaa kwa kawaida miaka 12, mara moja tu, na mshahara wake haupunguzwi. Maana yake ni moja: hakuna kipindi cha pili cha kuombea. Afisa anayesubiri kuteuliwa tena mwakani huandika ripoti kwa kalamu nyepesi, hata kama ni mtu mwema, na hata bila kuambiwa. Ukimwondolea matumaini hayo umemwondolea na hofu yake. Sijaona kifungu cha maadili ya uongozi kinachoshinda hiki kidogo cha muhula mmoja.

Lakini hilo linaeleza kwa nini waliandika walichoandika. Halielezi kwa nini yeye alilipa. Kwa hilo turudi nyuma hadi Septemba 1995.

Nelson Mandela hakuwa hata na miaka miwili ikulu. Nchi ilikuwa na katiba ya mpito na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa mlangoni. Bunge lilikuwa limempa rais uwezo wa kuirekebisha sheria ya serikali za mitaa kwa tangazo tu, naye akautumia. Serikali ya mkoa wa Rasi Magharibi, iliyokuwa mikononi mwa chama cha National, kile kile kilichoendesha ubaguzi wa rangi, ikamshtaki. Kiongozi wa Mahakama ya Katiba alikuwa Arthur Chaskalson, mteule wa Mandela, na zaidi ya hapo mmoja wa mawakili waliomtetea kwenye kesi ya Rivonia ya 1963 na 1964, ile iliyompeleka gereza la Robben Island. Ukiwapanga kwa mapenzi ya watu, hakuna jaji aliyekuwa na sababu nyingi kuliko yeye za kumfichia Mandela aibu. Mahakama ikasema tangazo la rais ni batili, kwa kuwa Bunge haliwezi kumgawia rais kazi yake ya kutunga sheria. Bunge likapewa muda wa mwezi hivi kurekebisha.

Mandela akajitokeza hadharani na kusema serikali yake imeikubali hukumu. Hakuna aliyetukanwa. Ni mwezi Februari mwaka huo huo alipoizindua mahakama hiyo, akikumbusha kwamba mara ya mwisho kusimama mahakamani yeye mwenyewe ilikuwa kusikia kama atahukumiwa kifo. Mwaka 1998 alikwenda kutoa ushahidi Mahakama Kuu ya Pretoria katika kesi iliyohusu uongozi wa raga, akahojiwa, akashindwa, akakata rufaa, akashinda 1999. Njia ya kawaida ya mtu wa kawaida.

Ndiyo maana nasema jibu la swali letu liko 1995 zaidi ya 2016. Katika nchi changa kidemokrasia hakuna anayejua amri ya mahakama ina uzito gani mpaka mwenye nguvu ashindwe kwa mara ya kwanza, na watu wote wamtazame atafanya nini. Mandela alipoweka mazoea hayo, aliyekuja baadaye na kugoma hangekuwa anakaidi jaji mmoja tu. Angekuwa anafanya jambo ambalo hakuna rais wa Afrika Kusini huru aliyelifanya. Zuma aliomba radhi kwenye televisheni siku iliyofuata hukumu. Siku chache baadaye chama chake kilimwokoa bungeni, kura 233 kwa 143, asing'olewe. Ila kulipa alilipa.

Jengo la mahakama yenyewe linasimulia jambo hili bila maneno. Liko Constitution Hill, Johannesburg, kwenye uwanja wa gereza la zamani walikofungwa Gandhi na Mandela kwa nyakati tofauti. Jengo la mahabusu lilibomolewa na matofali yake yakajengewa kuta za chumba cha kusikilizia kesi. Meza ya majaji imefunikwa kwa mbele ngozi za ng'ombe zenye mabaka, kila jaji na ya kwake, hakuna mbili zinazofanana. Nyuma yao kuna dirisha refu jembamba lililo usawa wa ardhi ya nje, kwa hiyo aliyeketi ndani huona miguu ya wapita njia: viatu vya ofisini, raba, kandambili. Majaji wa mahakama ya juu kabisa wamekalishwa chini ya barabara.

Nisije nikakuuzia hadithi tamu. Aliyemfuata Madonsela 2016, Busisiwe Mkhwebane, alipitia utaratibu ule ule wa uteuzi na kupewa kifungu kile kile cha 182. Ripoti zake kadhaa zilitenguliwa na mahakama, na Septemba 2023 Bunge likamwondoa kwa kura 318 dhidi ya 43. Muhula mmoja humwondolea mtu hofu. Busara haumpi.

Zuma mwenyewe, akiwa ameshaondoka ikulu, aligoma kufika mbele ya tume iliyochunguza ufisadi wa enzi yake ingawa Mahakama ya Katiba ilimwamuru. Juni 29, 2021 ikampa miezi 15 jela kwa kuidharau. Alijisalimisha usiku wa mwisho, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 350. Baada ya miezi miwili alitolewa kwa sababu za kiafya. Mahakama ikasema baadaye kwamba kutolewa huko kulivunja sheria. Agosti 2023 akarudi gerezani Estcourt na kutoka siku hiyo hiyo, kwa msamaha wa kupunguziwa vifungo.

Mei 2024 mahakama ile ile ikamzuia kugombea ubunge, kwa sababu katiba humfungia mlango mtu aliyehukumiwa zaidi ya miezi 12 bila faini mpaka ipite miaka 5 tangu adhabu iishe. Picha yake ilibaki kwenye karatasi ya kura akiwa kiongozi wa chama kipya cha MK. Chama hicho kilipata viti 58 kati ya 400.