Je, wajua kwa nini mikono hutetemeka hatari ikishapita?

Uko kwenye boda boda mjini Busia, lori linakupita ubavuni, nafasi iliyobaki ni kiganja tu. Dakika moja baadaye umesimama salama kando ya barabara, lakini vidole vinashindwa kuhesabu nauli. Huo si woga.

Juu ya kila figo pana tezi ya adrenali, yenye uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi. Ubongo ukiona hatari, mishipa ya fahamu huamsha kiini cha tezi hiyo, na ndani ya sekunde chache adrenalini inamwagika kwenye damu. Moyo unaenda mbio, ini linaachia sukari, mate yanakauka, na damu inaacha tumbo na kukimbilia misuli. Adrenalini huchochea hata misuli ya mikono, ndiyo maana inatetemeka. Nusu yake hutoweka kwenye damu kwa dakika 2 au 3, basi kaa kwanza, pumua polepole, ndipo upande tena.

Ganda la nje la tezi hiyo hiyo hutoa homoni nyingine, kotisoli, nayo haina haraka: hufika kilele baada ya dakika 20 hadi 30. Kila alfajiri hupanda ili kukuandaa kuamka. Lakini mtu anayelala na kuamka na deni la ada ya shule kwa miezi huweza kuwa nayo juu hata usiku. Usingizi unakatika, sukari na presha hupanda.

Sasa jambo linalotutia hofu zaidi. Dawa za prednisoloni na deksamethasoni hufanya kazi ya kotisoli, na wapo wanaozinunua bila kuandikiwa na daktari, ili wanenepe tu. Mwili hutengeneza kotisoli inayolingana na takriban miligramu 5 za prednisoloni kwa siku. Ukimeza kiasi hicho au zaidi kwa wiki 4, ubongo huweza kuacha kuziagiza tezi, nazo zikasinyaa. Ukiacha ghafla, halafu malaria ikakupata, mwili hauna kotisoli ya kupambana: unatapika, presha inashuka, unaweza kuzimia na hata kufa. Kama umezitumia kwa muda huo, usiziache mwenyewe. Nenda kituo cha afya na pakiti mkononi, useme umezimeza kwa muda gani, ili daktari akupunguzie kidogo kidogo. Na ukianza kutapika, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.