Aliyetakiwa kuchinjwa ni nani, Ismaili au Isaka?

Kila Idi ya kuchinja ikikaribia napata meseji ileile, mwalimu hebu tumalizie ubishi, mtoto ambaye Ibrahimu aliamriwa na Mungu amchinje ni Ismaili au Isaka? Mi kazi yangu ni kusoma wafasiri wa zamani wa maandiko ya dini zote tatu, Uislamu, Uyahudi na Ukristo, kwa hiyo naishiaga kujibu "kwani Tabari, yule mfasiri wa Kurani, umemsoma?" na hapo ubishi ndo unakolea.

Maana Kurani yenyewe, sura ya 37, haimtaji huyo mtoto kwa jina, anaitwa "mwanangu" basi. Sasa Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, anakuwekea riwaya, yaani masimulizi yaliyopokewa, za waliosema Is-haka (ndo Isaka huyo) na za waliosema Ismaili, zote na majina ya waliozipokea, halafu yeye anachagua... Is-haka! Wanafunzi wangu Waislamu hawaamini mpaka nifungue kitabu. Ibn Kathir, mfasiri mwingine wa Kurani aliyefariki 1373, hataki hata kusikia, anasema hizo riwaya za Is-haka zimetoka kwa Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na tena Ibrahimu alishabashiriwa kwamba baada ya Is-haka atakuja Yaakub, sasa aamrishweje kumchinja mtoto ambaye ameahidiwa mjukuu kutoka kwake? Hoja kali hiyo, na msimamo huo wa Ismaili ndo unaosikia misikitini leo.

Kwenye Biblia jina lipo, Mwanzo 22, Isaka, ubishi hamna. Ila Rashi, yule rabi wa Troyes kule Ufaransa (1040 hadi 1105), anashangaa mbona Mungu anazunguka hivyo, mwanao, wa pekee, umpendaye, si angetaja jina tu yakaisha? Anachukua mazungumzo ya Mungu na Ibrahimu ya kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, Mungu anaanza, Ibrahimu anajibu. Mchukue mwanao. Ninao wawili. Wa pekee. Huyu wa pekee kwa mama yake na yule wa pekee kwa mama yake. Umpendaye. Nawapenda wote. Isaka. Rashi anasema ni ili mzee Ibrahimu asishtushwe ghafla akachanganyikiwa, mi nikisoma naona baba anavuta muda jamani.

Wakristo wa mwanzo walikodolea macho kuni. Origen, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 3, anasema Isaka kubeba kuni za kuchomewa mwenyewe ni mfano wa Yesu na msalaba wake. Sasa fungua Mwanzo Rabba, midrashi, yaani ufafanuzi wa marabi wa Kiyahudi kabisa, mstari huohuo wa kuni: kama mtu anayebeba msalaba wake begani. Hiyo ukiisema parokiani wanadhani umetunga.