Stakabadhi ya Mauzo Haithibitishi Hiari

Ukisikia picha iliporwa vitani, pengine unamfikiria askari aliyevunja mlango akatoka na mzigo. Manazi walifanya hivyo, ila walipora pia kwa kalamu, na nyaraka za uporaji huo husomeka kama za biashara halali.

Nora Stiasny, Myahudi wa Vienna, alikuwa na mchoro wa vichaka vya waridi chini ya mti, kazi ya mchoraji Gustav Klimt. Mwaka 1938 Ujerumani ilipoimeza Austria, Wayahudi walibanwa hadi wakafilisika, naye akauuza kwa bei ya kutupa. Mwaka 1942 alisafirishwa hadi Poland, akauawa. Ufaransa ilikuja kuununua mchoro huo mwaka 1980, ukawekwa katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Mauzo ya 1938 yalikuwepo, ndiyo. Lakini sisi wa makumbusho hatuna ruhusa ya kuishia hapo. Lazima tuulize: je, mama huyu angeweza kukataa? Hangeweza. Basi aliporwa.

Februari 2022 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria maalumu ili mchoro huo na kazi nyingine 14 za sanaa zirudishwe. Mwaka 2023 ikaja sheria ya jumla, na sasa si lazima kila kesi ya namna hii ipitie bungeni.

Uchunguzi huanzia mgongoni mwa picha. Nyuma ya mchoro wa mwanafalaki uliochorwa na Johannes Vermeer, Manazi waligonga muhuri mdogo wa swastika, alama yao, kwa wino mweusi, baada ya kuuchukua kwa familia ya Rothschild. Ulirudishwa kwa wenyewe baada ya vita. Uliingia Louvre, jumba jingine la makumbusho la Paris, mwaka 1983 kwa njia halali, kama malipo ya kodi ya mirathi.

Mengi yaliyorudi tunamshukuru Rose Valland. Alifanya kazi katika jumba la Jeu de Paume, Paris, ambako vitu vilivyoporwa vilikusanywa. Wajerumani hawakujua kwamba anaelewa lugha yao. Akasikiliza, akaandika kwa siri mali ya nani inapelekwa wapi. Angegunduliwa, angeuawa.

Familia nyingi hazikuwa na Rose wao, na karatasi ziliungua pamoja na nyumba. Kwa hiyo kanuni kuhusu sanaa iliyoporwa na Manazi, zilizokubaliwa Washington mwaka 1998 na nchi 44, zinataka mapengo ya kumbukumbu yavumiliwe. Barua, orodha ya bima, hata picha ya zamani ya sebule yenye mchoro ukutani, vyote vipokelewe na kuchunguzwa.