Presha: vidonge, au kupunguza chumvi?

Swali: Mama yangu ana miaka 58, yuko Chamwino. Amepimwa siku tatu tofauti, presha inacheza kwenye 160/100. Kaandikiwa vidonge, lakini anasema akipunguza chumvi itashuka yenyewe. Ni kweli?

Jibu: Kupunguza chumvi kunashusha presha kweli, lakini kwa namba hizo hakutoshi peke yake. Presha huhesabiwa kuwa juu kuanzia 140/90. Aliyezidi kidogo tu, hana kisukari wala shida ya figo au moyo, daktari anaweza kumpa miezi michache ya kubadili mlo na kutembea kabla ya dawa. Mama hayupo hapo. Ameze vidonge, na chumvi apunguze vilevile. Dozi ikifaa kupunguzwa, daktari ndiye ataipunguza.

Swali: Mbona nyumbani hatuli chumvi nyingi?

Jibu: Fungueni chungu cha mlenda. Magadi mnayotia yana sodiamu, ileile ya kwenye chumvi inayopandisha presha, ila ulimi hauisikii kama chumvi. Mtu anaonja, anaona mboga imepooza, anaongeza chumvi juu ya magadi. Halafu Jumamosi mnadani Msalato, nyama choma inachovywa kwenye chumvi iliyomwagwa pembeni ya sahani. Kiasi cha chumvi cha siku nzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha vyote alivyokula. Mlenda unateleza wenyewe. Pikeni kwa nyanya na karanga zisizo na chumvi, magadi acheni.

Swali: Rosela je?

Jibu: Anywe, bila kujaza sukari. Si mbadala wa kidonge.

Swali: Presha ikishuka aache dawa?

Jibu: Hapana! Hapa ndipo tunapowapoteza wazazi wetu. Presha haiumi; mtu anajiona mzima, anaacha, kisha kiharusi kinampata. Imeshuka kwa sababu anameza. Miguu ikivimba au kikohozi kikavu kikimsumbua, arudi abadilishiwe dawa. Na kama magoti yanamuuma, asijinunulie diklofenaki dukani, inapandisha presha.

Siku ya kliniki ameze dawa kama kawaida. Wengi huiacha asubuhi hiyo ili “wapimwe vizuri”, namba inatoka kubwa, wanaongezewa dozi wasiyoihitaji. Akifika akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, asiongee wakati mashine inajaza upepo.