Tulimshinda Amin, mbona sabuni ilikosekana?

Nafundisha historia ya uchumi hapa Moshi, na kila nikifika mwaka 1979 wanafunzi huniuliza swali hilo hilo. Ni swali zuri kuliko majibu mengi tuliyoyazoea. Nyumbani wameshaambiwa kwamba Vita vya Kagera, tulivyopigana na Uganda, ndivyo vilivyomaliza pesa za nchi, na jibu hilo lina ukweli ndani yake. Ila vita vile vimebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uliokuwa wao, na kosa hilo la hesabu liliwagharimu wazazi wetu miaka kadhaa ya foleni. Leo nataka nilieleze kwa kirefu.

Nianzie ng'ambo ya mpaka, maana aliyetangulia kutangaza ushindi katika vita vile ni Idi Amin, mtawala wa Uganda. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe, yakapora kiwanda cha sukari cha Kagera. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni yake, na Amin akajisifu kwamba kazi hiyo imefanyika kwa dakika 25.

Tazama hali ya Uganda wakati maneno hayo yanasemwa. Wafanyabiashara wa Kiasia walikuwa wamefukuzwa tangu 1972, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa kwa watu wa karibu na jeshi ambao wengi hawakujua kuviendesha. Pamba, shaba na chai vilikuwa vimeporomoka, nchi ikabaki inategemea kahawa karibu peke yake. Bei ya kahawa ilishaanza kushuka kutoka kilele cha 1977, na mwaka huo huo wa 1978 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia biashara na Uganda, wakati Wamarekani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ile. Ndani ya jeshi lenyewe kulikuwa na maasi. Mtawala aliyeishiwa namna hiyo akapata kitu cha kuwatangazia watu wake kwenye redio, na kitu hicho kilikuwa ardhi ya Watanzania.

Argentina ilifanya vivyo hivyo miaka michache baadaye. Tarehe 30 Machi 1982 wafanyakazi waliandamana Buenos Aires dhidi ya utawala wa kijeshi, katika nchi ambayo mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 100 kwa mwaka. Siku tatu baadaye mtawala wake, Jenerali Galtieri, akavamia visiwa vya Falkland vilivyokuwa chini ya Uingereza, na umati ukajaa katika uwanja wa Plaza de Mayo kumshangilia. Juni 14 askari wake wakasalimu amri, na kabla wiki haijaisha hakuwa tena rais. Bei za vyakula hazikuwa zimeshuka hata kidogo.

Habari za namna hiyo ni rahisi kuzisoma, maana uongo wake unaonekana. Kwetu ni vigumu zaidi, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alisema kweli.

Tarehe 2 Novemba 1978 aliwaambia Watanzania kwamba kazi ni moja tu, kumpiga Amin: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Yote matatu yakathibitika. Machi 1979 wapinzani wa Amin waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa Moshi, kuanzia tarehe 24 hadi 26, wakaunda umoja wao na kumchagua Profesa Yusuf Lule awaongoze. Kampala ikaanguka Aprili 11. Kufikia Juni 3 wanajeshi wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Ule ulikuwa ushindi halali, dhidi ya mtu aliyevamia nchi yetu, na sina neno la kuupunguza. Askari wetu waliozikwa Kaboya, mkoani Kagera, wanastahili heshima kila Julai 25, Siku ya Mashujaa.

Shida inakuja pale ushindi wa kweli unapotumika kueleza mambo ambayo vita havikuyasababisha.

Kwanza tuone vita vinalipwaje. Vinalipwa kwa shilingi na vinalipwa kwa dola, na kila moja inaumiza mahali pake. Shilingi inalipa mishahara, mahindi, maharage, kitoweo cha askari na posho za mgambo. Jeshi letu lilikua kutoka watu wapatao 40,000 hadi zaidi ya 100,000 ukiwahesabu mgambo, JKT, polisi na wengine waliojumuishwa. Kodi isipotosha kulisha watu wote hao, Hazina inakopa Benki Kuu, yaani noti mpya zinaingia mtaani bila bidhaa mpya kuingia dukani. Kwa kawaida bei zingepanda na kila mtu angeziona. Lakini tulikuwa na Tume ya Bei ya Taifa tangu 1973, iliyopanga bei za bidhaa nyingi kuanzia saruji hadi sabuni. Bei iliyokatazwa kupanda haiwezi kumaliza uhaba. Bidhaa yenyewe inaondoka kwenye rafu na kuuzwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana msamiati wa miaka ile ni foleni, ulanguzi, magendo na kibali. Hata takwimu za serikali, zilizopima zaidi zile bei zilizopangwa, zilionyesha mfumuko wa karibu asilimia 30 mwaka 1980.

Dola ndiyo iliyouma zaidi. Silaha, mafuta, matairi na vipuri havinunuliwi kwa shilingi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba vita viligharimu takriban dola milioni 500, kiasi kinachokaribia mapato ya mauzo yetu yote ya nje kwa mwaka mzima wa wakati ule. Dola iliyonunua risasi haikununua kostiki ya kutengenezea sabuni. Tena kuna gharama isiyoandikwa kwenye vitabu vya Hazina: malori na mabasi ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na mizigo kuelekea Kagera, umbali unaomaliza gari, na mengi yaliyorudi yalirudi machakavu. Mazao yakakosa usafiri. Mtu wa Kilimanjaro anayekumbuka mahindi yaliyooza ghalani hakosei anapovitaja vita.

Wengi huishia hapo. Tuendelee.

Februari 1977, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Amin kuvuka, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Watu wa Arusha walioishi kwa ajira za makao makuu yake hawahitaji kuelezwa. Nchi ililazimika kuanzisha shirika lake la ndege, reli yake, bandari yake, posta yake, na vifaa vya vyote hivyo ni vya dola. Njia za mpakani za Namanga na Holili zikafungwa hadi Novemba 1983. Ukimuuliza mzee wa Himo biashara yake ilikufa lini atakuambia "wakati wa Amin", lakini mpaka aliokuwa akiutegemea ulikuwa wa Kenya, na ulishafungwa wakati Amin bado yuko kwake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1976, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. KNCU, iliyokuwa imewahudumia wakulima wa Kilimanjaro tangu 1933, ikaondolewa, na kahawa ikawa mikononi mwa mamlaka ya zao. Barafu iliyopiga mikahawa ya Brazil Julai 1975 ilikuwa imepandisha bei ya dunia hadi ikapita dola 3 kwa ratili mwaka 1977, na hapo ndipo tulipopata akiba ya fedha za kigeni. Kisha mwaka 1978, kahawa ikishuka, serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na kufikia mwisho wa mwaka akiba ile ilikuwa imekauka. Tukaingia vitani mkono mtupu. Hili naona ndilo jambo lisilosemwa vya kutosha: vita vilivyoanza wakati bohari ni tupu vinaonekana kana kwamba ndivyo vilivyoikomba.

Halafu ikaja Iran. Mapinduzi yake ya 1979 yalisukuma bei ya pipa la mafuta kutoka dola 13 hivi hadi zaidi ya dola 30 katika muda wa miaka miwili. Hilo halikuwa kosa la Amin wala la Nyerere.

Sasa turudi kwenye maneno ya viongozi. Baada ya vita wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Mtu yeyote aliyekuwa na akili zake wakati ule anaikumbuka miezi hiyo. Mimi naichukulia kama hati ya uchumi, kwa sababu imebeba utambuzi wa ugonjwa: ukimwambia mtu avumilie miezi 18, umemwambia kwamba tatizo ni tukio lenye mwisho, na tukio hilo limeshapita. Kama chanzo ni vita, basi malori yakirudi na madeni yakilipwa, sukari itarudi. Watu waliamini na wakavumilia, wengi wao kwa moyo mmoja. Miezi 18 ikaisha mwishoni mwa 1980. Sukari haikurudi, hata hapa ambapo miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC inalimwa Arusha Chini, kusini ya mji.

Haikurudi kwa sababu yale mengine yote hayakuguswa. Shilingi ilikuwa bado inabadilishwa kwa kiwango cha serikali cha shilingi 8 na ushee kwa dola. Mkulima wa Machame alilipwa kwa kiwango hicho, yaani shilingi chache kwa kila dola ya kahawa yake, baada ya mamlaka kukata gharama zake, na ndiyo maana kahawa ya Rombo ilipita usiku kwenda Kenya. Kila gunia lililovuka lilikuwa dola ambazo Benki Kuu haikuziona, na bila dola hizo viwanda viliendelea kukosa malighafi na vipuri.

Yupo aliyelisema hili mapema. Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1979. Alijadiliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya masharti ya mkopo, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu alikataa, wajumbe wa shirika hilo wakaondoka, na Desemba 1979 Mtei akajiuzulu. Mwanzoni mwa 1980 Mwalimu aliwauliza mabalozi tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali lile lilikuwa na haki yake. Masharti yale yangebana shule na zahanati, na yalipokuja kutekelezwa baadaye yalizibana kweli. Lakini kuhusu shilingi nasimama na Mtei. Kuilinda thamani yake kwenye karatasi kulikuwa ni kumtoza kodi mkulima wa kahawa bila kumwambia.

Kinachonisikitisha ni kwamba Mwalimu alikuwa na uwezo wa kusema ukweli mchungu. Mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri hadharani kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Viongozi wachache sana duniani wamewahi kusema hivyo kuhusu kazi yao wenyewe. Mwaka 1979 alikuwa na imani ya watu kuliko wakati wowote tangu Uhuru. Angeweza kuitumia kuwaambia kwamba Amin amechukua kiasi fulani, mafuta kiasi fulani, na maamuzi yetu wenyewe ya 1976 hadi 1978 kiasi fulani. Watu waliotoa ng'ombe na watoto wao kwa ajili ya vita wangeweza kuibeba hesabu hiyo.

Kwa kuwa hesabu haikufanywa, miezi 18 ilipoisha ikabidi atafutwe mkosaji mwingine. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtu wa Monduli, aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Najua anavyopendwa Arusha, nami siutilii shaka uadilifu wake. Walanguzi walikuwepo kweli. Lakini sabuni iliyokutwa imefichwa chini ya uvungu ilikuwa sabuni kidogo mno kwa nchi ya watu milioni 20, na msako ulipopita maduka mengi yalibaki matupu kuliko mwanzo, kwa kuwa hata wenye bidhaa halali waliogopa kuonekana nazo.

Ninapowasikia viongozi wa leo katika nchi zilizoko vitani, naangalia kwanza bei ya pesa yenyewe. Oktoba 2024 benki kuu ya Urusi ilipandisha riba yake hadi asilimia 21 ili kupunguza mfumuko wa bei, wakati Moscow ikiendelea kutangaza kwamba malengo yake Ukraine yanatimia. Riba ile inawaambia Warusi kitu kuhusu bei zao za sokoni ambacho ramani ya uwanja wa vita haiwezi kuwaambia.

Kwetu jibu la sabuni lilikuja mwaka 1984, kwenye bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga. Shilingi ilishushwa hadi 17 kwa dola, na mtu mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Vyama vya ushirika navyo vilikuwa njiani kurudi. Maduka ya Moshi na Arusha yakaanza kujaa tena, kwa bei ambazo wengi hawakuzimudu, na hilo ni somo jingine zito ninalolifundisha muhula wa pili. Lakini sabuni ilionekana, katika mwaka ambao hapakuwa na badiliko lolote upande wa Uganda isipokuwa kwamba vita vilikuwa vimezidi kuwa vya zamani.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniandikia kwenye mtihani kwamba uchumi wetu uliuawa na Vita vya Kagera, nampa nusu ya alama, kisha namwandikia pembeni: mpaka wa Holili ulifungwa lini?